Yule Baba wa Bel-Air

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, hata imekuwa kama chumvi, kila chungu tunaitia. Lakini mimi maana yake sikuipata katika kitabu cha methali. Niliipata katika kichekesho cha runinga kutoka Marekani, kilichofika tamati miaka mingi kabla sijazaliwa. Kichekesho chenyewe kinaitwa The Fresh Prince of Bel-Air.

Najua wapo watakaoguna na kusema, "Chama cha Kiswahili na mambo ya Wamarekani ni wapi na wapi?" Ngojeni kwanza, ndugu wasomaji, msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Wazazi wetu walicheka na Vitimbi na Vioja Mahakamani, na hadi leo ukiwatajia majina hayo utayaona meno yao yote, hata ya magego. Mimi nami nina changu, na nitaeleza kwa nini sehemu zake kadhaa hazinitoki akilini.

Kwa faida ya wasiokijua, kipindi hiki kilianza kuonyeshwa na shirika la NBC tarehe 10 Septemba 1990, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa tarehe 20 Mei 1996. Kilikuwa na misimu 6 na sehemu 148. Kinamhusu kijana aitwaye Will, mzaliwa wa magharibi mwa jiji la Philadelphia. Siku moja anaingia katika vita uwanjani, mamake anaingiwa na hofu, na bila kupoteza wakati anamsafirisha hadi Bel-Air, mtaa wa matajiri kule Los Angeles. Huko anakaa kwa Vivian, dadake mama, na mumewe Philip Banks, wakili mwenye mwili mkubwa na sauti ya radi, ambaye baadaye anakuwa jaji. Wana watoto wao: Hilary apendaye mavazi kuliko kazi, Carlton mwenye majivuno ya kisomi, na Ashley kitinda mimba, hadi Nicky alipozaliwa baadaye. Halafu yupo mtumishi wao Geoffrey, Mwingereza mwenye maneno machache lakini makali kama pilipili hoho.

Aliyeigiza Will ni Will Smith, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa muziki wa rapu. Yeye na mwenzake Jeffrey Townes walipata tuzo ya Grammy mwaka wa 1989, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa kwa muziki wa rapu. Townes naye yumo, ndiye Jazz, rafiki asiyepeleka posa wala kuomba radhi. Kila akimkera mzee Banks anarushwa nje ya mlango mkuu kama gunia la makaa. Ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila akirushwa amevaa shati lile lile. Kumbe picha ile ilipigwa mara moja, wakawa wanairudiarudia!

Sasa nieleze mimi nilikipata wapi. Naishi hapa Nakuru kwa mama mdogo na mumewe. Mama yangu mzazi anafanya kazi ya uyaya Nairobi, na huja kutuona mwisho wa mwezi akipewa ruhusa. Nilipokuwa darasa la nne aliona mtaa tuliokaa umeharibika, vijana wakubwa wameanza kunituma vitu nisivyovijua, basi akanifungia nguo katika mfuko na kunileta kwa dadake. Baba mdogo ni fundi wa magari. Mteja wake mmoja alimpa flashi yenye sehemu zote za kipindi hiki, na kila Jumamosi jioni, tokeni za stima zikiwapo, tulikaa sote mbele ya runinga yetu ya zamani yenye mgongo mkubwa na kutazama sehemu mbili au tatu. Tulimaliza zote baada ya mwaka mmoja na miezi.

Sehemu ya kwanza kunikaa moyoni ni ile ile ya mwanzo. Will anafika Bel-Air kwa kelele, anaharibu karamu ya wakubwa, na usiku mzee Banks anamkalia kitako. Will anamwambia kwamba amelewa utajiri na kusahau alikotoka. Lo! Mzee anamjibu kwamba yeye naye alipambana na ubaguzi kabla Will hajazaliwa, na huyo Malcolm X ambaye Will amebandika picha yake ukutani, yeye alimsikiliza akihutubia kwa masikio yake. Mzee anaondoka akidhani ameshinda. Mara anasikia piano. Ni Will, anapiga muziki wa Beethoven, taratibu, bila kosa. Hapo kila mmoja anajua kwamba mwenzake hakuwa amemjua.

Ya pili ilionyeshwa Oktoba 1990. Carlton na Will wanapeleka gari la kifahari la mshirika wa mzee Banks hadi Palm Springs. Njiani wanapotea usiku, wanaendesha polepole, na polisi wanawasimamisha. Vijana wawili weusi ndani ya Mercedes? Basi wamekuwa wezi wa magari! Wanatiwa ndani. Mzee Banks anafika kituoni, na sijawahi kumwona wakili akikasirika hivyo. Lakini utamu hauko kituoni, uko nyumbani baadaye. Carlton anasisitiza kwamba polisi walifanya kazi yao tu. Anamuuliza babake kama yeye asingesimamisha gari linalotambaa hivyo. Mzee anamjibu kwamba yeye pia alijiuliza swali hilo mara ya kwanza aliposimamishwa. Kisha anapanda kulala na kumwacha Carlton peke yake na swali lake. Baba mdogo aliguna tu. Yeye ameendesha magari ya wateja miaka mingi, na anajua kusimamishwa kwenye kizuizi ukiwa na ovaroli yenye grisi ndani ya gari lisilofanana nawe.

Msidhani ni huzuni tupu, la hasha. Yupo Carlton na dansi yake ya kutupa mikono huku na huku akiimbiwa na Tom Jones, dansi ambayo mama mdogo huicheza akipika chapati. Ipo pia ile sehemu ya msimu wa kwanza ambapo Will analiwa pesa katika chumba cha biliadi. Mzee Banks anakuja kumkomboa, anashika kijiti kama mtu ashikaye mwiko kwa mara ya kwanza. Wajanja wanacheka, wanaongeza dau. Mara mzee anamwagiza Geoffrey amletee Lucille. Nani huyo Lucille? Ni kijiti chake mwenyewe cha biliadi! Mzee anawafagia wote mpaka wakashika vichwa. Baba mdogo alicheka hadi akamwaga chai.

Ya tatu ni ya mwezi wa Februari 1995. Will na Carlton wako kwenye mashine ya kutolea pesa, jambazi anatokea, na Will anapigwa risasi akimkinga Carlton. Carlton, yule mtiifu wa sheria, anakwenda kununua bastola. Anakuja nayo hospitalini. Will, akiwa kitandani hajiwezi, anamsihi na kumshurutisha ampe, mpaka Carlton anaiacha na kutoka. Will anazitoa risasi na kuanza kulia. Tazama, aliyepigwa risasi ndiye anayemwokoa asiyepigwa.

Lakini yote tisa, kumi ni sehemu ya tarehe 9 Mei 1994. Babake Will, Lou, anatokea baada ya miaka 14. Ni dereva wa malori makubwa. Anacheka, anatania, anaahidi kwamba watasafiri pamoja kiangazi chote. Will anafurahi kama mtoto wa chekechea. Anamnunulia zawadi, kinyago kidogo cha baba na mwana. Anafungasha. Mzee Banks peke yake ana wasiwasi, na Will anamkasirikia vikali kwa sababu hiyo. Mwishowe Lou anaona mzigo ni mzito, anataka kuondoka kimya kimya, na mzee Banks anamzuia na kumweleza ukweli bila kuupaka asali. Will anaingia na mizigo yake. Lou anatoa visababu, na Will, aliyekuwa akimwita baba, sasa anamwita Lou.

Akishatoka, Will anajikaza. Anahesabu mambo aliyojifunza bila baba: kutupa mpira wa vikapu, kuendesha gari, kunyoa ndevu, kupigana. Anasema sherehe 14 za kuzaliwa zimempita bila hata kadi. Anasema naye atakuwa na watoto na atakuwa baba bora. Kisha sauti inakatika, anauliza kwa nini yule mtu hamtaki. Mzee Banks hajibu. Anamkumbatia tu. Watazamaji waliokuwa wakicheka ukumbini wako kimya, na kamera inashuka polepole hadi kwenye kile kinyago.

Watu wengi husema ati Will Smith alikuwa akilia kwa ajili ya babake mwenyewe aliyemtoroka. Si kweli. Babake alimlea, naye alifariki mwaka wa 2016. Will Smith amewahi kusimulia kwamba walipokuwa wamekumbatiana hivyo, James Avery, aliyeigiza mzee Banks, alimnong'oneza kwamba huko ndiko kuigiza. Avery mwenyewe alifariki tarehe 31 Desemba 2013.

Jumamosi ile tulipotazama sehemu hiyo, nyumba yetu ilinyamaza. Mama mdogo alijifanya ana kazi jikoni. Baba mdogo aliinuka akasema anakwenda kuangalia kama lango limefungwa, na lango lilikuwa limefungwa tangu saa moja. Walijua ninachofikiria. Baba yangu mzazi nilimwona mara ya mwisho nikiwa darasa la tatu. Hupiga simu Krismasi nyingine, si zote. Aliwahi kuahidi viatu. Mwezi wa nne mwaka huu alipiga tena, akasema nikimaliza kidato cha nne niende nikakae naye, kwani mtoto wa kiume ni wa babake, na damu ni nzito kuliko maji. Nilimwambia nimemsikia. Zaidi ya hapo sijamjibu.

Ndipo nikaanza kufikiri juu ya lugha yetu. Waigizaji wale, wakizungumza Kiingereza, humwita mzee Banks kwa neno moja ambalo hutumika kwa mjomba, kwa ami, na kwa mume wa shangazi pia. Wamewatia wote kapu moja! Sisi je? Dada wa mama si shangazi, ni mama, mdogo au mkubwa. Mumewe ni baba. Watoto wa dada wawili ni ndugu. Kwa hiyo, kama Will angalikuwa Mswahili, siku ile ile aliposhuka mlangoni Bel-Air angalisema, "Shikamoo baba," na Carlton angalikuwa nduguye papo hapo. Kwa Kiingereza ilimbidi angoje miaka 6. Ni katika sehemu ya mwisho, mwaka wa 1996, nyumba imeshauzwa na kila mtu anakwenda njia yake, Carlton Princeton, Geoffrey London karibu na mwanawe, ndipo mzee Banks anamwambia Will waziwazi kwamba yeye ni mwanawe, hakuna mjadala.

Nililitoa wazo hili katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, mada ikiwa "Kulea ni bora kuliko kuzaa". Mpinzani wangu alinijibu vizuri, lazima nikiri. Alisema, "Mzee Banks alikuwa tajiri. Kulea mtoto wa mwenzio ukiwa na jumba na mtumishi si kazi." Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwuliza, "Na aliye fundi wa magari, mwenye watoto watatu wake, akaongeza wa nne katika nyumba ya vyumba viwili, yeye je?" Sikutaja jina. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mwalimu mlezi wa chama aliandika kitu katika daftari lake.

Baba mdogo hajawahi kunihutubia kama mzee Banks. Hana sauti ya radi. Amenifundisha kuendesha baiskeli, kuziba panchari, kusoma geji ya mafuta na kurudisha chenji yote hata ikiwa shilingi tano. Karo yangu huilipa kwa mafungu, na risiti zote amezitoboa na kuzifunga kwa waya mmoja. Baba yangu mzazi simtukani. Akija nitamwamkia na kumpa kiti, kwani aliyenileta duniani ni yeye na mama. Ila kukaa nitakaa hapa nilipo, na nikishamaliza kuandika haya nitampigia nimweleze hivyo kwa adabu.

Mwanzoni mwa muhula huu tulipewa fomu za kujaza. Palikuwa na nafasi ya jina la mzazi au mlezi, na mbele yake nafasi ya uhusiano. Niliandika jina la baba mdogo. Kwenye uhusiano nikaandika neno moja: Baba. Mwalimu wa darasa aliitazama, akanitazama, akaigonga muhuri.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu