Mwamuzi Hasemi Mpaka Aulizwe

Baba ni mtu wa mpira wa miguu. Tangu figo zimweke nyumbani hapa Kongowe, mimi namfundisha kriketi kwenye simu. Wachezaji 11 kila upande. Ova moja, ambayo baba anasema ni neno la redio za polisi, ni mipira 6. Mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini, mikimbio 6, ukigusa, 4. Wapigaji 10 wakitolewa, zamu imekwisha, maana wa 11 hana wa kupokezana naye mbio.

Nilimwonyesha Kenya ya 2003 ikiishinda Sri Lanka pale Nairobi katika Kombe la Dunia, 210 kwa 157, Collins Obuya akiangusha wiketi 5.

"Mbona wanampigia mwamuzi kelele?"

Nikamweleza: mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka wapinzani waulize. Wasipouliza, hata aliyestahili kutoka anaendelea kupiga, labda aondoke mwenyewe.

Alicheka sana.

Baba hasemi maumivu. Mama humgundua kwa namna anavyoshika kiuno. Siku hizi, kati ya ova na ova, namuuliza, "Leo vipi, baba?" Jana alijibu kwamba usiku hakulala.