Doa si chanzo

Samahani wasomaji, nimekuwa kimya. Nilikuwa Limuru kwa mama, nikipambana na paa linalovuja kando ya dohani.

Fundi alikuwa ameshapaka saruji mara mbili. Kila mvua ikinyesha, maji yalishuka ukutani hadi karibu na soketi ya umeme. Mama akaacha kuwasha moto sebuleni, na baridi ya Limuru mnaijua.

Nikafanya kama ninavyosaka hitilafu kwenye programu: jaribu sehemu moja moja. Tulizima umeme kwanza. Kakangu akamwaga maji kwa mpira, akianzia upande wa chini wa dohani, nami nikiwa darini na tochi. Chini, pakavu. Kando, pakavu. Upande wa juu, tone! Likatambaa kwenye boriti karibu mita moja ndipo likadondoka. Kumbe doa lilikuwa dalili tu.

Mabati hutanuka kwa jua na kunywea usiku. Saruji haiwezi kuyafuata, hupasuka. Tukaikwangua, tukaweka bati lililokunjwa: ukingo mmoja umechimbiwa kati ya matofali ya dohani, mwingine umeingia chini ya mabati ya juu.

Juzi imenyesha usiku kucha. Mama akanipigia simu: amewasha moto.

Haya, tuonane wiki ijayo.