Nyuzi Nane na Safu Nne

Kwa muda wa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiwashawishi wanamuziki wajaribu jambo moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimeshindwa. Jambo lenyewe ni namna ya kutunga muziki kwa tarakilishi ambamo noti haziandikwi juu ya mistari mitano kama wafanyavyo wapiga piano, wala hazichorwi kama vipande vya rangi vinavyokwenda kutoka kushoto hadi kulia, kama ilivyo katika studio nyingi za siku hizi, bali huandikwa kwa herufi na tarakimu katika safu zinazoshuka kutoka juu hadi chini, mfano wa daftari la mahudhurio. Programu za namna hii huitwa traka. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, mzaliwa wa pwani ninayefundisha Siaya. Gitaa sipigi, na kinanda nakibonyeza kwa vidole viwili tu. Yamkini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutosikilizwa.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa rafiki yangu, mpiga gitaa wa bendi ya benga, mtu ambaye vidole vyake vikigusa nyuzi hata mwenye huzuni hutikisa bega. Nilimwonyesha kioo cha tarakilishi kilichojaa herufi na tarakimu kutoka ukingo hadi ukingo. Alikitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni hesabu. Muziki wenyewe uko wapi?" Badala ya kumchezea wimbo nikaanza kumhutubia. Hiyo ni ila ya kazi yetu.

Nilimweleza kuwa mnamo mwaka 1987 Mjerumani aitwaye Karsten Obarski alitoa programu iliyoitwa Ultimate Soundtracker kwa ajili ya tarakilishi ya Amiga. Mashine ile iliweza kutoa sauti nne kwa wakati mmoja, na kwa hiyo programu ikawa na safu nne. Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari 64, na katika kila mstari mtunzi aliandika noti, nambari ya sampuli itakayoilia, na amri, kama vile kupunguza sauti au kuitelezesha kutoka noti moja hadi nyingine. Sampuli ni sauti fupi iliyorekodiwa, kama pigo moja la ngoma au mlio wa uzi mmoja. Kwa mwendo wa kawaida ukurasa mzima hupita kwa muda usiotimia sekunde nane. Faili la wimbo lilibeba noti pamoja na sampuli zake, na kwa sababu hiyo kila aliyelipata aliweza kulifungua akaona jinsi wimbo ulivyotungwa, mstari kwa mstari. Vijana wa Ulaya walipeana mafaili hayo katika disketi, wakafundishana bila ya mwalimu wala karo. Leo zipo programu za ukoo huo zinazopatikana bure, kama vile MilkyTracker na OpenMPT, na hazihitaji tarakilishi ya fahari. Zile kuukuu za shule yetu huzibeba bila kulalamika.

Rafiki yangu akaniuliza ni nani aliyepata kula kwa kazi hiyo. Nikamtajia Calvin Harris wa Scotland, ambaye albamu yake ya kwanza, I Created Disco ya mwaka 2007, aliitengeneza kwa Amiga na traka iitwayo OctaMED. Akacheka, akasema Scotland ni mbali, akachukua gitaa lake akaenda zake.

Nilipokuwa peke yangu ndipo nilipokumbuka hoja ambayo ingefaa zaidi, nayo haikutoka Scotland. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuimba kwa tonik solfa, ule mwandiko wa herufi ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta kwetu. Kwaya ngapi nchini Kenya zimeimba kwa sauti nne kutoka katika karatasi yenye herufi tupu na nukta mbili za kugawa mapigo, nao waimbaji hawajapata kuiona piano kwa macho! Hakuna aliyewaambia kuwa ile ni hesabu. Traka nayo ni herufi na mapigo, ila badala ya kwenda upande inashuka, na badala ya koo la mwimbaji hulia sauti yoyote uliyoirekodi. Aliyesoma solfa amekwisha vuka nusu ya mto.

Basi nikaacha kuhutubia, nikaenda kutafuta sauti ya kurekodi.

Yuko mzee mmoja mpiga nyatiti ambaye huja shuleni kwetu kuwafundisha wanafunzi nyimbo za tamasha. Nyatiti, kwa msomaji asiyeijua, ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, mikono yote miwili ikicheza juu ya nyuzi, na pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala kushika mwendo. Vidole vya mkono wa kushoto wa Mzee vimeanza kukaza, na nyimbo ambazo zamani alizipiga usiku kucha sasa huzikatiza katikati, akajisugua viganja. Nilimwomba anipe uzi mmoja mmoja, na mgongo wa pete. Tulikaa katika ghala ya vitabu, simu yangu nimeilaza juu ya sweta iliyokunjwa, naye akavuta uzi wa kwanza na kuuacha ulie hata ukanyamaza wenyewe. Tukafanya hivyo hadi wa nane.

Usiku ule nilitunga kwa furaha ya mjinga. Niliona safu nne zatosha kabisa: moja ya mkono wa kulia, moja ya kushoto, moja ya pete, na ya nne nikaiacha wazi kwa ajili ya sauti ya mwimbaji. Tena nikazirekebisha zile nyuzi ziafikiane na piano, nikidhani ninamfanyia Mzee hisani.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Mwalimu, ni nani huyu?"

"Ni wewe, Mzee."

"Siye mimi. Huyu anatembea kama askari. Na uzi anaukata kabla haujamaliza kusema."

Alikuwa amesema kweli, na ilinichukua siku nzima kujua ni kweli gani. Katika traka noti mpya huinyamazisha ile iliyoitangulia katika safu hiyohiyo. Lakini katika nyatiti uzi wa pili ukivutwa, wa kwanza ungali unalia, na mchanganyiko huo wa milio ndio mwili wa wimbo. Nilikuwa nimehesabu mikono yake nikasahau nyuzi. Nikafungua safu nane, kila uzi na safu yake, na ya tisa kwa pete, kwani programu za leo hazifungwi tena na zile nne za Amiga. Kuhusu askari, dawa ilikuwa ndani ya amri ambayo sikuwa nimepata kuitumia: kila mstari wa ukurasa hugawanyika katika vipande vidogo, kwa kawaida sita, na noti yaweza kuamriwa ichelewe kipande kimoja au viwili. Mzee aliketi kando yangu akinionyesha kwa kidole mezani ni pigo lipi lichelewe na kwa kiasi gani. Nyuzi nazo nikazirudishia milio yao ya asili. Kwa kuwa kila uzi ulikuwa sampuli yake, hapakuwa na haja ya kuulazimisha ufuate piano. Tulipomaliza alisikiliza mara tatu, kisha akasema mahali fulani uzi wa tatu ushushwe kidogo tu. Nikajua kuwa amekubali, kwani mtu hasahihishi kazi asiyoitambua.

Wanafunzi wakaanza kuutungia wimbo ule nyongeza zao. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hajapata kumiliki ala yoyote, aliandika kurasa nne ambazo Mzee aliomba zirudiwe. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Mtu mwingine akilipata faili hili, ataweza kuzitoa nyuzi zangu?"

"Ataweza, Mzee."

"Bila mimi kuwapo?"

"Bila wewe kuwapo."

Miaka yote ile nilikuwa nikiusifu uwazi huo mbele ya kila mpiga gitaa, na kumbe sikuwahi kukaa upande wa mwenye sauti. Mzee aliivua pete akaizungusha mkononi. "Mimi nikiiazima nyatiti yangu," akasema, "huwa najua imelala nyumba gani." Sikuwa na la kumjibu. Tukaafikiana faili likae katika tarakilishi moja ya shule, wanafunzi walitumie humo, wala lisitoke mpaka yeye mwenyewe aamue.

Habari zilimfikia rafiki yangu wa benga. Alikuja, akasikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Alitaka kujua ni safu ipi inayobeba uzi wa sita, na vipi ule mwendo hauna uaskari. Mwishowe akaniomba nimpelekee faili katika simu yake. Nilimkatalia, nikamwambia aende kwa mwenyewe.

Jumamosi iliyopita alikwenda, gitaa lake mgongoni, nami nikamfuata. Mzee alimkaribisha mkekani, akamwambia apige kwanza. Mpaka jua linatua hakuna aliyekuwa amelitaja faili.