Kumpakata Mjukuu na Kitabu

Kila siku baada ya sala ya Alasiri, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitatu hunijia akikokota kitabu. Ni kitabu cha picha za wanyama, cha kurasa ngumu, ambacho pembe zake amekwisha kuzitafuna. Hasemi lolote. Hunigeuzia mgongo, akarudi kinyumenyume mpaka alifikie paja langu, akakaa. Hiyo ndiyo amri, nami hutii.

Mwanzoni nilitaka kumsomea kama nilivyosomeshwa chuoni Unguja: mstari baada ya mstari, toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tulikaa mkekani na juzuu zetu mbele ya maalim, na aliyefunua ukurasa kabla ya wakati wake aliyajua malipo yake. Mtoto huyu alinikatalia siku ya kwanza. Alifunua kurasa tatu kwa pamoja, akarudi nyuma, akakipindua kitabu juu chini, kisha akamwonyesha kuku kwa kidole. Nikafahamu kuwa kwa umri wake kusoma si kumaliza kitabu, bali ni kuonyesha kitu na kusikia jina lake kwa sauti ya mtu anayempenda. Basi nikaiacha mistari. Humwuliza, "Kuku yuko wapi?" kisha humngojea, hata akikawia.

Kitabu chenyewe ni cha Kiarabu, nami humsomea kwa Kiswahili. Hapa sina budi kusema ukweli wangu.

Nilifika Muscat mwaka 1973, nikiwa mvulana wa miaka 14. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, si cha sokoni. Nilipofungua mdomo Matrah, watu walicheka. Nilipopata kazi ya ukarani, na baadaye watoto, niliapa kuwa wao hawatachekwa. Nikapiga marufuku Kiswahili nyumbani. Mama yao alinong'ona nao jikoni, nami nikajifanya sisikii. Vitabu niliwanunulia, vyote vya Kiarabu, lakini sikumpakata hata mmoja wao nikamsomea. Niliwakabidhi vitabu kama nilivyokabidhi majalada ofisini.

Nilidhani lugha mbili hazikai nyumba moja bila ya moja kuifukuza nyenziwe. Wiki iliyopita tulifika kwenye ukurasa wa samaki. Mtoto akasema, "Samak," kama amsikiavyo mama yake. Nikamwambia, "Samaki." Akanitazama kinywani, akasema, "Samaki," akacheka. Kisha akakipiga kitabu kofi na kusema, "Kitab." Nikamjibu, "Kitabu." Tofauti ilikuwa irabu moja tu, na hiyo ndiyo niliyoiogopa miaka yote ile! Hata pale majina yanapoachana kabisa, yeye huyapokea yote mawili: kwa mama yake husema "jamal", na kwangu husema "gamia". Hajawahi kukosea nani aambiwe lipi.

Juzi binti yangu alisimama mlangoni na sinia la kahawa. Kwa miaka mingi, nikisema naye Kiswahili hunijibu kwa Kiarabu, na sina haki ya kulalamika. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani:

"Baba, mbona mimi hukunisomea?"

Sikuwa na jibu. Nilisogea, nikampa nafasi mkekani, akakaa. Mtoto akakirudisha kitabu mwanzo na kutamka neno alipendalo kuliko yote: "Tena."

Tukasoma tena, sote watatu. Tulipofika kwa kuku, binti yangu ndiye aliyeuliza yuko wapi.

Enyi mababu na mabibi wenzangu mlioko Muscat, Dubai au London, msingoje mpaka msafiri awaletee kitabu cha Kiswahili kutoka Unguja. Chukueni kilichopo nyumbani, cha lugha yoyote, mumpakate mtoto, mumtajie picha kwa lugha mliyolelewa nayo. Akitaka ukurasa uleule mara kumi, mpeni mara kumi. Na kama wazazi wake hamkuwasomea walipokuwa wadogo, waiteni nao wakae.