Mwigizaji Asiyeomba Huruma

Watu wengi huamini kwamba mwigizaji hodari ni yule anayejua kulia. Ukiwauliza wapenzi wa picha za Kihindi, watakutajia zile zilizowatoa machozi, na watakuhesabia leso zilizolowa kana kwamba hicho ndicho kipimo cha kazi. Mimi sina ugomvi na machozi. Nimelia mara nyingi katika giza la sinema, tena bila haya, kwa kuwa kila aliyeketi jirani yangu alikuwa akilia pia. Lakini baada ya kuzitazama picha hizo kwa zaidi ya miaka 60, nimefikia imani nyingine. Mwigizaji hodari ni yule ambaye hatuombi huruma. Yeye hufanya kazi ya mtu anayemwigiza, na huruma, kama ipo, itakuja kwa miguu yake yenyewe. Jambo hili zamani lilikuwa la starehe tu. Siku hizi limekuwa la maisha yangu, na ndiyo maana naliandika.

Sisi tuliokulia Tanga katika miaka ya 60 hatukujua Kihindi. Tulijua neno la mapenzi, neno la moyo, na matusi mawili matatu. Picha nyingi tulizoziona hazikuwa na tafsiri iliyoandikwa chini. Hata hivyo tulizijua hadithi zake barabara, na aliyeiona picha jana aliwasimulia wenzake leo kama aliyetoka harusini. Awara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa mno pwani yetu, na wapo wazee ambao hadi leo huziimba nyimbo zake bila kujua maana ya neno hata moja.

Watu husema kwamba kutojua lugha kulituzuia kufaidi. Mimi naona kulitufanya mahakimu wazuri. Mtu asiyeelewa maneno hadanganyiki na maneno. Macho yetu yalibaki kwenye mabega ya mwigizaji, mikono yake, shingo yake, na ule muda mfupi anaokaa kimya kabla ya kujibu. Stelingi aliyelia kwa uongo tulimjua, na vijana wa viti vya mbele hawakumwacha salama.

Chukua Mughal-e-Azam, picha ya mwaka 1960. Mfalme Akbar aliigizwa na Prithviraj Kapoor, mtu wa jukwaa aliyekuwa na kundi lake mwenyewe la tamthilia tangu mwaka 1944. Mwanawe, Salim, aliigizwa na Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar wa mwaka 1922. Baba na mwana wanagombana juu ya mapenzi na ufalme. Sauti ya baba inajaza ukumbi, maana jukwaani ni lazima aliyeketi kiti cha mwisho kabisa asikie. Mwana anajibu kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kwa sababu anajua kwamba kamera itamfuata ilipo sauti yake. Hakuna anayemzidi mwenzake, kwani kila mmoja ameshika sanaa yake. Lakini tazama watazamaji: Akbar akinena wanaegemea nyuma, Salim akinena wanainama mbele.

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nililitumia somo hilo mara nyingi. Wanachuo waliokwenda mazoezi ya kufundisha waliamini kwamba darasa hutawaliwa kwa kelele. Nilikuwa nikikaa nyuma na daftari langu, nikimwona kijana wa watu akipaza sauti hadi mishipa inamtoka shingoni, na watoto nao wakipaza zao. Baadaye nilimwambia: "Kesho sema kwa sauti ya chini, kisha subiri." Waliothubutu kusubiri wakawa walimu.

Mwaka huohuo wa 1960 ilitoka Kohinoor, na humo Dilip Kumar anapiga sitar. Msomaji anajua kwamba katika picha za Kihindi mwigizaji haimbi mwenyewe. Huimbiwa na mwingine, naye hufungua kinywa tu. Angeweza basi kushika ala ovyo, na nani angejali? Lakini alijifunza kupiga sitar kwa ajili ya picha hiyo, ili vidole vyake visiseme uongo. Hilo ndilo ninaloliita andalio la somo. Mwanafunzi halioni, lakini lisipokuwapo analijua.

Aliyenifundisha zaidi katika jambo hili ni Balraj Sahni, labda kwa sababu naye alikuwa mwalimu. Alisoma Kiingereza huko Lahore hadi shahada ya pili, akafundisha Santiniketan, kwenye shule ya Rabindranath Tagore, kisha katika miaka ya vita akafanya kazi ya utangazaji BBC, London. Mtu wa namna hii ndiye aliyetakiwa na mwongozaji Bimal Roy aigize mkulima asiyejua kusoma katika Do Bigha Zamin, picha ya mwaka 1953. Mkulima huyo, Shambhu, anadaiwa na mwenye ardhi rupia 65. Hesabu za tajiri zinasema ni rupia 235. Anakwenda Calcutta na mwanawe mdogo kutafuta fedha za kukiokoa kishamba chake, na huko anavuta riksho, kile kigari cha magurudumu mawili ambacho farasi wake ni mwanadamu.

Sahni alikwenda kwa wavuta riksho wenyewe, akajifunza kuvuta kabla kamera haijafunguliwa. Katika kitabu cha maisha yake amesimulia kwamba hata hivyo moyo wake haukutulia, hadi siku alipoongea na mvuta riksho mmoja wa makamo, mtu wa Bihar. Mtu yule aliposikia hadithi ya picha alitokwa na machozi, maana ilikuwa hadithi yake: naye alikuwa na bigha mbili, naye alizipoteza kwa mwenye ardhi, naye akaja mjini kuvuta. Tangu siku ile Sahni aliacha kuhangaika na kanuni za uigizaji, akamchukua mtu yule moyoni na kumwigiza yeye.

Kuna mahali katika picha hiyo ambapo abiria wanashindana kwa mchezo tu, na mmoja anamwahidi Shambhu fedha zaidi akikimbia zaidi. Anakimbia. Haangalii kamera kutuonyesha kwamba anaonewa. Anaangalia barabara, kwa sababu mvuta riksho asiyeangalia barabara ataanguka. Gurudumu linachomoka, anaumia. Sisi ndio tunaoona dhuluma. Yeye alikuwa kazini.

Nikiwa mwalimu kijana niliiona Koshish, picha ya Gulzar ya mwaka 1972. Humo Sanjeev Kumar na Jaya Bhaduri ni mume na mke, wote viziwi na bubu. Fikiri, msomaji, maana yake kwetu. Picha nzima waigizaji wakuu wawili hawasemi neno, kwa hiyo mbele yao mjuaji wa Kihindi na asiyejua tulikuwa sawa. Wapo mle ndani waliokuwa wakipiga miluzi kila picha, lakini mbele ya wale wawili walinyamaza.

Mahali fulani wanataka kujua kama mtoto wao mchanga anasikia. Wanatikisa kichezeo chake, kile cha kutikiswa kikalia. Mtoto hageuki. Wanatikisa tena, wanakimbilia kwa daktari wakiwa wamechanganyikiwa. Kumbe mtoto ni mzima, ila kichezeo hakina punje ndani, hakilii, na wao wawili hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Mwigizaji wa kawaida angelia hapo hadi tuzibe masikio. Hawa wanafanya kazi ya wazazi, ambayo ni kutikisa, kutazama, kisha kutikisa tena. Sanjeev Kumar alipata tuzo ya taifa ya India kwa kazi ile, na aliistahili.

Alikuwa fundi wa ajabu. Mwaka huohuo wa 1972, katika Parichay, alikuwa baba wa Jaya Bhaduri. Mwaka 1975, katika Sholay, alikuwa baba mkwe wake, mzee aliyekatwa mikono yote miwili, ambaye hasira yake yote ilibidi ipite machoni na mabegani chini ya shali. Alikuwa na miaka 37 tu. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 47, kwa hiyo uzee ambao alituonyesha mara nyingi hivyo yeye mwenyewe hakuufikia.

Mimi nimeufikia, na sasa naja kwenye picha inayonigusa kuliko zote. Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia kwamba nina presha ya macho. Ugonjwa huu huanza kula pembeni, taratibu, bila maumivu. Dawa ya matone hupunguza mwendo wake, lakini hairudishi kilichokwisha kupotea. Jicho la kushoto limebaki kama tundu la ufunguo. Habari zilipoenea mtaani, watu walianza kunisalimia kwa sauti mpya. "Shikamoo, Mwalimu," halafu pembeni, wakidhani na masikio yamekwenda: "Maskini."

Ndipo nilipomwomba mjukuu wangu anitafutie Sparsh, ambayo niliwahi kuiona kwa kanda ya video. Ni picha ya Sai Paranjpye, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1980 katika shule halisi ya wasioona huko Delhi, na watoto wengi wanaoonekana humo ni wanafunzi wa shule hiyo. Naseeruddin Shah ni mwalimu mkuu wa shule hiyo, naye ni kipofu. Hapapasi hewa kwa mikono iliyonyooshwa, kama tulivyowazoea vipofu wa sinema. Macho yako wazi, lakini hayamfuati anayesema. Sikio ndilo linalotangulia. Anaongoza shule yake kama mwalimu mkuu yeyote anayeijua kazi.

Mwanamke mjane, aliyeigizwa na Shabana Azmi, anakuja kujitolea shuleni hapo, na wanapendana. Lakini anapotaka kumsaidia kuandaa kahawa ofisini, mwalimu anawaka hasira. Baadaye anaanza kushuku kwamba mapenzi yenyewe ni huruma iliyovaa nguo nzuri, na anauvunja uchumba. Nilipoitazama zamani nilimpigia makofi, nikamwona mwanamume anayejiheshimu. Safari hii niliketi karibu kabisa na kioo, na nikaona kitu kingine ambacho mwigizaji alikuwa amekiweka pale siku zote: hofu. Shah hatuombi tumhurumie mwalimu huyu, wala hatuombi tumsifu. Anamwacha awe na haki na awe mkaidi kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo namwamini.

Siku chache baadaye tulikuwa tukila chakula cha mchana. Mke wangu aliniwekea tasi wa kuchoma, akiwa amekwisha kumchambua miiba yote. Nikamwambia, "Mama, samaki niletee mzima."

"Ukikwamwa je, Mwalimu?"

"Nitakuita."

Alikaa kimya, kisha akasema: "Mimi sikuchambulii kwa kukuhurumia. Nilikuwa nawachambulia watoto wote saba, na hakuna aliyelalamika." Tulicheka. Lakini kesho yake samaki aliletwa mzima, na yeye akaketi mahali ambapo ningeweza kumwita bila kupaza sauti. Nadhani kama yule mwalimu wa Delhi angekuwa na mke wa miaka 47 wa ndoa, picha ingekuwa fupi zaidi.

Tangu hapo nimeanza mazoezi. Kila alfajiri, kabla ya watu kuamka, nafumba macho na kwenda kutoka kitandani hadi kwenye mtungi, hatua 14, kisha hadi mlangoni, hatua 9. Nimejifunza kumimina chai kwa kusikiliza mlio wake unavyopanda kikombe kinapojaa. Mjukuu wangu alinikuta siku moja nikitembea ukutani hivyo akashtuka.

"Babu, umeshakuwa huoni?"

"Bado," nikamjibu. "Najifunza kabla kamera haijafunguliwa."

Hakunielewa, nami sikumweleza, maana riksho za Calcutta ziko mbali naye. Alinishika kiwiko. Nikamwomba aniache nimalize hatua zangu kwanza, halafu anishike wakati wa kushuka ngazi, kwa sababu ngazi bado sijaziweza.