Kansas City: Mji Uliowajengea Wanawake Uwanja

Mgeni wa Kansas City huanza kwa kugombana na ramani. Mji mkubwa wenye jina hilo hauko Kansas, uko Missouri. Ule wa Kansas ni jirani yake mdogo wa upande wa magharibi. Kati ya majimbo hayo mawili kuna barabara iitwayo State Line, na kwenye barabara hiyo unaweza kula chakula cha mchana Missouri, ukavuka lami kununua maji, ukawa umefika Kansas. Wenyeji hawajali. Ukiwauliza wanatoka wapi, wanasema "Kansas City" na kukuachia mwenyewe shughuli ya kukisia ni upande gani.

Hapa ni katikati kabisa ya Marekani, mbali na bahari zote mbili. Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana kwa minada ya ng'ombe, reli na muziki wa jazi. Siku hizi unajitangaza kuwa makao makuu ya soka la Marekani. Niliposikia madai hayo nilicheka kidogo. New York ipo, Los Angeles ipo, na Miami imekuwa na Lionel Messi tangu mwaka 2023. Kansas City ina nini? Nilizunguka huku na huko, majimbo yote mawili, na sasa nauunga mkono mji huu. Anayetaka kuona soka la Marekani lilikotoka na linakoelekea atapata yote mawili hapa, kwa mwendo wa gari usiozidi nusu saa.

Anzia Arrowhead, mashariki mwa mji. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Unameza watu zaidi ya 76,000, na mwaka 2014 mashabiki wake walipiga kelele zilizopimwa kufikia desibeli 142.2, rekodi ya dunia kwa uwanja wa wazi. Siku ya mechi watu hufika asubuhi na mapema, wakawasha majiko kwenye maegesho, na moshi wa mbavu ukatanda juu ya magari kama ukungu wa Lushoto.

Bwana aliyeileta Chiefs hapa, Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta wa Texas, ndiye aliyelishikilia soka la kulipwa lilipokuwa likielekea kaburini. Mwaka 1967 aliunda timu huko Dallas, ikacheza katika ligi ya NASL, ile iliyomleta Pelé New York. Ligi hiyo ilikufa baada ya msimu wa 1984. MLS ilipoanza mwaka 1996, Hunt alikuwemo tena, na Kansas City ilipata timu iliyokuja kuitwa Wizards. Ilicheza Arrowhead. Hebu fikiria mashabiki elfu chache wametawanyika kwenye uwanja wa watu 76,000. Hata wakishangilia goli, sauti inapotelea kwenye viti vitupu. Wizards walitwaa ubingwa mwaka 2000, na bado viti havikujaa. Mwaka 2002 ligi nzima ilibaki na timu 10, nazo zilikuwa mikononi mwa matajiri wachache mno, Hunt akiwa mmoja wao. Kama hao wangechoka kupoteza fedha, leo hatungekuwa na la kuandika. Hawakuchoka. Mwaka 2025 timu ya San Diego ilipoingia, MLS ilifikisha timu 30.

Ule upweke wa Arrowhead umekwisha pia. Julai 2010 Wizards waliifunga Manchester United mabao 2-1 mbele ya watu 52,424. Aprili 2024 Messi alipokuja na Inter Miami, waliingia 72,610, mwenyewe akafunga, na wageni wakaondoka na ushindi wa 3-2. Uwanja huohuo ndio uliopewa mechi 6 za Kombe la Dunia la 2026, ikiwemo robo fainali.

Ukivuka kwenda upande wa Kansas utakuta sura ya pili ya hadithi. Wizards waliuzwa kwa wafanyabiashara wa hapahapa mwaka 2006, wakahamia kwenye uwanja mdogo wa besiboli, wakavumilia humo kwa misimu mitatu. Kisha wakabadili jina kuwa Sporting, na Juni 2011 wakafungua uwanja wao wenyewe wa watu wapatao 18,500. Kidogo, eh? Ndiyo dawa yenyewe. Majukwaa yamekaribia nyasi kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira anasikia anachotukanwa. Desemba 2013 fainali ya MLS ilichezwa hapo kwenye baridi ya nyuzi zipatazo 7 chini ya sifuri, na Sporting wakawashinda Real Salt Lake kwa penalti 7-6 baada ya sare ya 1-1. Mkwaju wa mwisho wa wageni uligonga mwamba. Mkenya Lawrence Olum, aliyeichezea Harambee Stars, alikuwa katika kikosi cha Sporting miaka hiyo. Kocha alikuwa Peter Vermes, ambaye mwaka 2000 alitwaa kombe hilohilo akiwa beki wa timu hiyohiyo.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana nikianza sitaacha. Nyama hapa haichomwi, inafukizwa. Kifua cha ng'ombe kinakaa kwenye moshi wa kuni kwa saa nyingi, hadi kisu kikigusa tu nyuzi zinaachana zenyewe. Zile ncha nyeusi, ngumu kwa nje na laini kwa ndani, zamani zilitolewa bure kwa wateja waliosubiri foleni. Leo ndizo watu wanazozifuata. Mla nyama choma wa Kwa Mrombo atalalamika kuhusu mchuzi mtamu wanaoumwaga juu, nami nitamuunga mkono. Nyumba moja maarufu kuliko nyingi imo ndani ya kituo cha mafuta: upande huu pampu, upande ule foleni ya watu wenye njaa.

Lakini sehemu iliyonifanya niandike makala hii iko mtoni.

Missouri ni mto mrefu kuliko yote ya Amerika Kaskazini, na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Kutoka mtaa wa River Market unaufuata kwa miguu kuelekea mashariki, reli ziko upande mmoja na maji upande wa pili, huku mbele yako limesimama daraja la Bond likining'inia kwa nyaya zake. Karibu na daraja hilo kuna uwanja wa watu 11,500 uitwao CPKC, jina la kampuni ya reli. Ulifunguliwa tarehe 16 Machi 2024. Ni uwanja wa kwanza kujengwa mahususi kwa ajili ya timu ya wanawake ya kulipwa. Wenyeji, Kansas City Current, waliufungua kwa kuwafunga Portland Thorns mabao 5-4. Tisa kwa mechi moja. Sherehe gani zaidi ya hiyo?

Ili uone uzito wa jambo hili, rudi nyuma kidogo. Sheria ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilivilazimisha vyuo vya Marekani kufungulia michezo yao wasichana, na ndiyo iliyozaa timu ya taifa iliyotwaa Kombe la Dunia mara 4. Ajira ndiyo iliyokuwa kitendawili. Ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake ilianza 2001 ikafa 2003. Ya pili ikaanza 2009, nayo ikafa baada ya misimu mitatu. NWSL, iliyoanza kucheza 2013, ndiyo iliyosimama, na hata hiyo imepita kwenye miiba. Kansas City yenyewe ilikuwa na timu, FC Kansas City, iliyotwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 2014 na 2015. Mwaka 2017 ikafungwa na wachezaji wake wakahamishiwa Utah. Mabingwa mara mbili, na mji ukaamka hauna timu! Huku hakuna kushuka daraja, lakini kuna kitu kibaya kuliko kushuka daraja: timu inaweza kuondoka. Mtu wa Msimbazi hajawahi kulala akiogopa kwamba asubuhi Simba itakuwa imehamia Mwanza.

Mwisho wa 2020 wanandoa wa mji huu, Angie na Chris Long, pamoja na Brittany Mahomes, aliyewahi kucheza soka la kulipwa, walirudisha timu. Mume wa Brittany, Patrick Mahomes, nyota wa Chiefs, akajiunga na wamiliki mwaka 2023. Timu ilianzia kwenye uwanja wa besiboli kama kaka zake wa Sporting, ikapanga kwa Sporting kwa misimu miwili, kisha ikahamia kwake. Vlatko Andonovski, kocha wa ile timu ya ubingwa wa 2014 na 2015, alirudi kuifundisha Current baada ya kuiongoza timu ya taifa. Mpangaji akipata nyumba yake, mwendo hubadilika: msimu wa kwanza tiketi za ligi zilikwisha mechi baada ya mechi, na mwaka 2025 Current ikamaliza kileleni mwa msimamo kwa pointi 65, rekodi ya ligi.

Halafu kuna Temwa Chawinga. Huyu ni binti wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, upande ule unaoelekea mpaka wa Kasumulu. Alicheza Sweden, kisha Uchina, na mwaka 2023 alifunga mabao 63 katika mashindano yote. Mwaka 2024 alitua Kansas City na kufunga mabao 20 ya ligi, akavunja rekodi ya mabao 18 ya Sam Kerr, akachaguliwa mchezaji bora. Kumtazama kwa karibu ni jambo jingine. Anasimama kama aliyechoka, mikono kiunoni, beki anaanza kumsahau; mpira ukipigwa nyuma ya mabeki, zile hatua tano za kwanza hazina majibu. Getini niliwahesabu wavulana waliovaa jezi yenye jina lake mgongoni, nikaishia njiani kwa sababu walikuwa wengi. Wavulana wa Kimarekani, wenye madoadoa usoni, wanalitamka jina la Kimalawi bila kujikwaa. Mbele yangu mzee mmoja wa kofia ya Chiefs alikuwa akimweleza mjukuu wake wa kike kwa nini mshika kibendera amenyanyua bendera. Alikosea, na mjukuu akamsahihisha.

Novemba 2024 fainali ya ligi ilichezwa kwenye uwanja huohuo wa mtoni, na Orlando Pride wakaifunga Washington Spirit 1-0. Mfungaji alikuwa Barbra Banda, Mzambia. Malawi na Zambia, zote zinapakana na Tanzania. Mabinti wetu wa Twiga Stars na mameneja wao wakilisoma hilo, nadhani watajua la kufanya.

Sitaki mtu afikiri kila kitu hapa ni asali. Ukipanda kwenda mitaa ya kaskazini-mashariki, kwenye barabara ya Independence, utakuta maduka ya Wasomali, Wavietnamu na Wakongo, na kwenye vipande vya nyasi utasikia Kiswahili cha Kivu kikiitisha pasi. Wengi wa watoto hao hawataonekana na mtu yeyote. Soka la vijana Marekani ni la kulipia: ada ya klabu, safari na jezi hufikia maelfu ya dola kwa mwaka, na baba anayefanya zamu ya usiku kiwandani hana hizo. Ndiyo maana naipenda habari ya Bernard Kamungo. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, familia yake ikapelekwa Texas mwaka 2016, naye akaingia kwenye soka la kulipwa kupitia majaribio ya wazi. Agosti 2023 aliifungia FC Dallas dhidi ya Inter Miami ya Messi katika ile mechi ya 4-4. FC Dallas ni ya watoto wa Lamar Hunt. Mlango ule ulikuwa wa bahati, na ligi inayotegemea bahati inapoteza wachezaji wengine kumi kwa kila Kamungo mmoja. Hapo ndipo Wamarekani bado hawajaelewa wanachokikalia.

Mabadiliko mengine yanakuja. MLS imetangaza kwamba kuanzia 2027 msimu wake utaanza katikati ya Julai na kwisha Mei, kama Ulaya, na mapumziko wakati wa majira ya baridi. Wanaokumbuka fainali ya 2013 watashukuru kwa hayo mapumziko. NWSL nayo imefuta ule utaratibu wa timu kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mchezaji sasa anachagua mwenyewe aende wapi. Na mji ukishawajengea wanawake uwanja, miji mingine haina tena pa kujificha. Denver, iliyolipa dola milioni 110 kuingia NWSL, nayo ikaanza kwa kupanga ujenzi wa uwanja wake.

Kwa hiyo msomaji, ukibahatika kupata viza na nauli, usiishie Miami kupiga picha na lango la klabu ya Messi. Njoo huku katikati. Msimu wa wanawake huanza Machi na kumalizika Novemba, na Septemba ndiyo nzuri zaidi, joto limepungua na dhoruba za radi zimetulia. Tramu ya katikati ya mji ni ya bure. Nunua tiketi ya Current mapema kuliko ya mechi nyingine yoyote, maana viti 11,500 havitoshi. Na ukila ile nyama, waambie mchuzi waweke pembeni.