Alama Mbili

Kwenye field mwaka jana nilipangiwa hesabu za Kidato cha Kwanza, mada ya makadirio. Watoto walishachoka na mifano ya bei ya sukari, nikaamua kuwaletea besiboli ya Marekani, mchezo ambao mimi mwenyewe niliujua wiki ileile nikiandaa somo.

Nikawaeleza kwa ufupi: mpigaji anasimama na gongo, akipiga mpira akafika kituo salama, ule mpigo unahesabiwa. Mwisho wa msimu unachukua mipigo yake, unagawanya kwa nafasi alizopata, unaandika desimali tatu. Ukiwa na 0.300 wewe ni mpigaji mzuri. Yaani unakosa mara saba kwenye kumi na bado unasifiwa. Darasa likacheka. "Mwalimu, si tungesoma huko!"

Nikaandika ubaoni vinara watatu wa Ligi ya American mwaka 1941. Joe DiMaggio, 0.357. Cecil Travis, 0.359. Wa kwanza, Ted Williams wa Boston Red Sox, nikamwachia nafasi wazi. Asubuhi ya Septemba 28, siku ya mwisho ya msimu, alikuwa na mipigo 179 katika nafasi 448. Gawanyeni. Wakapata 0.39955. Kadirieni kwa desimali tatu. "0.400!" wakaitikia wote.

Somo lilitakiwa liishie hapo, lakini utamu ulikuwa mbele. Kocha wake, Joe Cronin, alimwambia anaweza kukaa nje, 0.400 yake ibaki salama. Williams akakataa. Siku hiyo kulikuwa na mechi mbili Philadelphia, akacheza zote. Alipata nafasi nane. Nikawauliza: alihitaji mipigo mingapi ili asishuke? Wakakokotoa. Mitatu inampa 0.399, minne ndiyo inamwokoa. Alipiga sita. 185 kwa 456, 0.406. Alikuwa na miaka 23, mmoja tu zaidi yangu, na tangu hapo hakuna aliyefika 0.400 kwenye ligi ya American wala ya National.

Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, ungekuwa wewe, ungecheza?"

"Ningecheza," nikajibu. Kengele ikagonga.

Nilidanganya. Mwaka wa kwanza, kwenye kozi moja ngumu, test yangu ilirudi imeandikwa 9. Nilijumlisha mwenyewe chumbani, mara tatu, nikapata 7. Kuna ukurasa ulihesabiwa mara mbili. Koswaki yangu ikasomeka 17 wakati haki yangu ni 15, na bila 16 huingii kwenye mtihani wa mwisho. Nikanyamaza. Nikafanya mtihani, nikapata C. Jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa na 15.5. Ya kwake ilijumlishwa sawasawa, akakeri kozi, akairudia na wadogo zetu. Siku anaondoka na madesa yake kwenda kipindi, nilijifanya nimelala.

Nilikuwa najitetea kwamba kosa si langu. Ila Williams hakuwa hata na kosa la kuficha. Ile 0.400 ilikuwa halali kabisa kwa hesabu, na bado akaenda kuihatarisha. Mimi nilikalia kitu ambacho si changu.

Wiki ya mwisho ya field nilimwita yule kijana. "Lile swali lako nilikujibu haraka."

"Kwa hiyo usingecheza?"

"Nilishapata nafasi hiyo. Nikakaa benchi."

Akaniangalia, akasema "sawa, Mwalimu," akakimbilia mpirani. Sijui alielewa nini. Jioni ile nilikuwa na karatasi zao za mtihani za kusahihisha. Kila moja nilijumlisha mara mbili, kisha nikaanza kumwandikia yule jamaa meseji.